Niliweka programu mpya ya kuangalia picha Kisii, kilio kikaanza Nyamira

Wakuu, wenye umri shikamooni, wengine habari za leo.

Ninaloleta hapa sikusimuliwa. Nilikuwepo, mouse ilikuwa mkononi mwangu, na mwenye shaka apande gari mpaka Nyamira akaulize. Waliolia siku ile wengi bado wapo.

Limenirudia kwa sababu juzi nimeamka nikakuta simu yangu imejifanyia update yenyewe. Picha nilizozoea kuziona zimepangwa kwa miezi sasa zimejipanga kwa namna nisiyoielewa, kitufe cha kukuza kimehama, na PDF zangu zinafunguka kwenye kitu kingine kabisa. Nikalalamika, binti yangu akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Baba, ni update tu. Utazoea."

Update tu.

Nilikaa na hayo maneno kwenye kochi, na kabla sijajua nilikuwa nimerudi Kisii ya miaka ya tisini, mvua ya alasiri inagonga mabati, na harufu ya vitambaa vipya imejaa puani.

Kwanza mnijue ninayeandika. Mimi ni mtoto wa Ogembo. Nilitoka kwetu na mfuko mmoja nikaenda Dar es Salaam, mchana nabeba mizigo, jioni nasoma, mpaka nikapata diploma ya kompyuta. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono wala mheshimiwa wa kunipigia simu. Hata Kiswahili hiki mnachosoma nilikichukua huko, maana kwetu Kiswahili ni cha shule na sokoni, nyumbani ni Ekegusii. Niliporudi Kisii na kompyuta yangu mwenyewe ndani ya boksi, watu walisimama barabarani kuitazama ikishushwa kwenye gari.

Sijisifu, nasema kilichotokea. Au najisifu kidogo. Nina haki.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la Bhanu. Bhanu alikuwa Mhindi wa pale pale mjini, amezaliwa Kisii, anaongea Ekegusii cha kubembeleza wateja kuliko hata baadhi yetu. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Ba, alikaa kwenye kiti karibu na mlango wangu akichambua mchele au akisinzia. Ili kufika kwangu ulipita katikati ya majora ya rangi zote, na mwanga wa dirishani ulipopenya kwenye vitambaa vilivyotundikwa, chumba changu kilikuwa cha manjano asubuhi na cha zambarau mchana. Nimefanya kazi kwenye ofisi nyingi tangu wakati ule. Sijapata nyingine yenye mwanga kama ule.

Kazi zangu zilikuwa kuchapa barua, mitihani ya shule, na vile vijitabu vya mazishi vyenye historia ya marehemu. Na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeiweza: kuonyesha picha kutoka ng'ambo.

Vijana wetu wengi walikuwa wameanza kwenda Marekani. Picha walizipiga, wakaziweka kwenye disketi, wakampa mtu anayerudi. Disketi ikifika kijijini ni kipande cha plastiki tu, huwezi kuitundika ukutani. Kwa hiyo wazazi walikuja kwangu.

Mmoja wao alikuwa Mama Momanyi.

Momanyi tulilala bweni moja sekondari. Baba yake alifariki mapema, akabaki yeye na mama, na baba mdogo aitwaye Mzee Ondieki. Alipokwenda Marekani alisema ni kwa masomo tu, atarudi. Miaka ikapita, zikawa zinarudi disketi.

Mama yake alikuwa anatoka Nyamira na ndizi kila siku ya soko. Akishauza, ananawa miguu pale kwenye bomba la Bhanu, anaingia kwangu, anaketi.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo penye kisa chote.

Programu niliyokuwa nayo ya kuangalia picha ilikuwa ya zamani, na kompyuta yenyewe haikuwa na haraka. Picha haikutokea kwa mkupuo. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kwenye ukurasa wa kijivu. Kwanza unaona anga. Kisha nywele. Kisha paji la uso. Macho yanakuangalia wakati mdomo bado haujafika.

Mimi niliona ni ucheleweshaji. Mama Momanyi hakuona hivyo.

Sisi Wagusii tunaishi juu ya vilima. Mtu anayekuja nyumbani kwako anapanda. Ukiwa umekaa uani unaanza kuona kichwa chake juu ya majani ya chai, halafu mabega, halafu kifua, na viatu vyake ni vya mwisho kabisa kufika. Kwa hiyo nywele za Momanyi zilipotokea juu ya skrini, mama yake alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Haya, anapanda."

Macho yakifika alimsalimia. "Bwakire, omwana one." Umeamkaje, mwanangu. Kisha ananyamaza muda wa mtu kujibu.

Mdomo ukifika anasema, "Anacheka. Ameshiba."

Viatu vikishafika, vimesimama kwenye theluji, alikuwa anashusha pumzi kama aliyempokea mtu mzigo. Anashukuru, anaondoka. Picha ile ile, kila siku ya soko. Wakati mwingine nilikuwa nasahau kazi yangu, namngoja Momanyi apande pamoja naye.

Sasa, mtu mwenye diploma hakai na programu ya zamani. Rafiki yangu wa Nairobi aliniletea CD yenye matoleo mapya ya karibu kila kitu. Nikafuta ya zamani nikaweka mapya, kama tulivyofundishwa.

Vurugu zilianza upande wa kusomea maandishi. Karani mmoja wa wakili, dada aitwaye Nyaboke, alifungua hati yake akakuta rula ya juu haipo na kurasa zimesimama mbili mbili.

"Fundi, umeniharibia barua."

"Haijaharibika, dada. Imeboreshwa."

"Iboreshe irudi ilivyokuwa."

Nilicheka. Nilimwonyesha rula imejificha wapi, akaenda zake akinung'unika kwamba vitu vyake vimehamishwa bila yeye kuulizwa.

Lakini ya picha ilikuwa nzuri, wakuu. Ilifungua picha mara moja, nzima, katikati ya skrini, hakuna vitufe, hakuna jina la faili, na pembeni pote ni weusi mtupu ili rangi zionekane. Niliifungua ya Momanyi nikasema moyoni, huyu mama lazima aone hii.

Nikamtumia ujumbe kupitia mama mmoja wa Keumbu anayeuza naye ndizi. "Mwambie asikose kuja Alhamisi. Kuna kitu anatakiwa kuona mwenyewe."

Alhamisi alikuja. Hakuwa na ndizi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Niliona, nikafikiri amenipa heshima.

Nilimvutia kiti. Kwa kuwa siku ile nilikuwa nimefurahi, nilimtuma mtu chai na mkate. Nikamwambia, "Keti kwanza, Mama. Kunywa chai, tutaongea baadaye." Alikunywa akiangalia sakafu. Nikashusha pazia ili skrini ionekane vizuri. Nikabonyeza.

Momanyi akatokea. Hakupanda. Alikuwa tu amekwisha kuwepo, katikati, mdogo kidogo kuliko alivyozoeleka, weusi umemzunguka pande zote nne.

Mama hakumsalimia. Alimtazama muda mrefu, halafu akaweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Asante, mwanangu," aliniambia. "Umenipa chai kwanza."

Akatoka akaingia mvuani.

Nilidhani teknolojia imemzidi.

Jumamosi yule mama wa Keumbu alisimama mlangoni kwangu na kikapu kichwani. "Pole sana," akasema. "Nasikia Momanyi ametuacha huko Marekani."

Wakuu, nililia. Nimesema tulilala bweni moja. Nilifunga chumba, nikamwambia Bhanu, naye akanipa kitambaa cheupe cha kumpelekea mama wa marehemu. Nikaenda Nyamira.

Njia ile siku hiyo naiona mpaka leo kama niliipita usingizini. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mashamba ya chai na sikuona nyumba, nilisikia tu. Sauti za wanawake zilikuwa zinapanda na kushuka huko juu, na mimi nilikuwa nazipandia. Nilipotokea uani watu walikuwa wamejaa, viti vya kanisa vimekwisha kuletwa, kuni zimepangwa, na kamati ya kuusafirisha mwili kutoka Marekani ilikuwa imekwisha kumchagua mwenyekiti. Chini ya mgomba alikuwa amefungwa ng'ombe dume, anatafuna bila habari.

Mzee Ondieki alinipokea kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri kuja. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Pole, Mzee. Nimesikia leo tu, sikuamini."

Aliuachia mkono wangu. "Umesikia leo?"

"Kwa yule mama wa Keumbu."

Wanaume waliokaa karibu walinigeukia. Mzee akanivuta pembeni kidogo, lakini si mbali sana, wote wakawa wanasikia.

"Kijana wangu, mama wa Keumbu alisikia kwa huyu shemeji yangu. Na shemeji yangu alisikia kwako."

"Kwangu?"

"Ulimwita. Ukampa chai. Ukashusha pazia, ukamwonyesha."

"Na alifanya kiutu," akasema mmoja wa kamati. "Wengine wangempigia kelele pale sokoni."

"Sana," akasema mwingine. "Kusoma ni kuzuri. Sasa tuambie, fundi, mwili uko hospitali gani?"

Kwa wasio wa kwetu, nieleze. Sisi mama hatumwambii moja kwa moja kwamba mwanawe amekufa. Anaitwa mahali, haambiwi sababu. Anaketishwa, anakula kitu, kwa sababu akishajua hatakula tena. Halafu mtu mmoja anayeheshimika anamwonyesha au anamwambia kwa njia ya kuzunguka. Nilikuwa nimefanya yote hayo, moja baada ya jingine, kwa ufasaha, bila mtu kunituma.

"Mzee," nikasema, "sina habari yoyote ya kifo. Nilimwonyesha picha yake ya zamani, ile ile."

"Yeye anasema haikuwa ile."

Niliingizwa ndani. Mama Momanyi alikuwa ameketi chini kati ya wanawake, kichwa wazi, midomo imekauka. Niliambiwa hajala tangu ile chai yangu. Nikapiga magoti nikamwambia sina habari ya msiba, ni programu tu imebadilika.

Alinipapasa bega. "Kazi yako uliifanya vizuri, mwanangu. Usianze kunihurumia sasa."

Kila nilipoendelea kusema, wanawake walizidi kulia. Walikuwa na hakika namficha.

Mzee Ondieki alikuwa mtu wa kutaka kuona. Jumatatu alishuka nami mpaka Kisii, akapita katikati ya majora ya Bhanu, nikamfungulia ile picha. Alipoiona alivua kofia.

Hapo ndipo Ba, kwenye kiti chake, aliuliza kwa Kiswahili chake cha dukani, "Huyu mzee naona nini, natoa kofia?"

"Anasema mtu wa picha amekufa, Ba," nikamjibu.

Ba alinyosha shingo akaangalia skrini. "Lakini hapana maua. Kwetu picha ya mtu nakufa tunavalisha maua."

Alirudi kwenye mchele wake. Mimi nikabaki nimesimama.

Kwao maua. Na kwetu?

Kwetu ni mstari mweusi. Ukifungua ukurasa wa matanga kwenye gazeti, kila uso umezungushiwa weusi. Na vile vijitabu vya mazishi vya Kisii nzima, nani alikuwa anavichapa? Mimi. Ule weusi kuzunguka picha ya marehemu niliuweka mwenyewe, kila wiki, na nilikuwa najivunia jinsi kingo zangu zinavyonyooka. Mama Momanyi alikuwa amezika majirani wengi wenye vijitabu vyangu mkononi. Aliyebuni ile programu huko aliko aliona weusi unapendezesha picha. Alichotengeneza, mbele ya macho ya mama yule, ni tangazo la kifo.

Nilimweleza Mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha kofia kichwani nusu.

"Nimekuelewa. Lakini picha, iwe na weusi au isiwe nao, haisemi kama mtu yuko hai."

Ilikuwa kweli. Disketi ile ilikuwa ya muda mrefu. Nilikuwa nimeueleza weusi tu. Momanyi mwenyewe sikuwa na habari zake.

Bhanu akatuachia simu ya duka. Tukaomba simu ya mbali kupitia opereta, kwa namba ambayo Momanyi alikuwa amenitumia. Ikaita. Ikaita mpaka opereta akasema, "Hajibu."

Tukajaribu tena. Hajibu.

Mzee Ondieki akaketi kwenye stuli ya wateja akasema haendi nyumbani na nusu ya neno. Mimi nikarudi kwenye kompyuta nikaitazama ile sura katikati ya weusi, na nakiri kwamba saa ile nilianza kuogopa. Je, kama mama ndiye aliyeona sawa? Mvua ya alasiri ikaanza. Chumba kikawa cha zambarau. Ba alisinzia, Mzee akasinzia, na mimi katika kusinzia nikaota tuko bwenini, naita jina la Momanyi kwenye daftari la zamu na hakuna anayeitika.

Nikaamshwa na Bhanu. "Fundi. Kuna mtu kwenye laini."

Alikuwa ameomba tena bila kutuambia.

Mzee alishika simu kwa ukali. "Wewe ni nani?"

Sikusikia jibu, nilisikia upande wake tu.

"Momanyi gani? ... Ulikuwa wapi asubuhi? ... Kazi ya usiku. Kwa hiyo mko usiku sisi tukiwa mchana. ... Hapana, hakuna aliyekufa. Ni wewe. ... Nasema ni wewe uliyekufa, tumekulilia tangu Alhamisi, viti vya kanisa viko hapo nyumbani mpaka sasa."

Alisikiliza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Usicheke. Mama yako hali chochote."

Tungeweza kupeleka habari Nyamira siku ile ile. Mzee alikataa. "Nikirudi na maneno atasema nimetumwa nimtulize. Lazima asikie kwa sikio lake." Wakapatana Momanyi apige mwenyewe kesho yake, wakati kama ule.

Kumtoa mama uani ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu aliyefiwa haendi mjini. Nasikia Mzee aliwaambia wazee wenzake, "Kama hajafiwa, hafungwi na kitu. Kama amefiwa, laana iwe yangu." Akaja, akishikiliwa na wanawake wawili, na nusu ya matanga nyuma yake. Duka la Bhanu lilijaa watu wenye majonzi walioketi kati ya vitambaa vya harusi. Hakutaka chai. Alikaa ameipa kompyuta mgongo, na nilikuwa nimeifunika shuka.

Tulingoja. Nilisikia mvua ikianza mbali, upande wa Keumbu, ikija.

Simu ikalia.

Bhanu akaiinua, akasikiliza, akampa. "Yako, Mama."

Aliiweka sikioni. Tuliona machozi yakishuka, lakini uso haukubadilika. Sauti ndogo ilikuwa inaongea ndani ya kile chombo, inaongea, inaongea. Aliisikiliza muda mrefu.

Kisha akasema, "Kohoa."

Sauti ikanyamaza.

"Maneno mtu anaweza kufundishwa," akasema. "Kohoa nisikie."

Akakohoa. Nasi tulisikia, kikohozi kikavu cha mtu aliyetoka kazini kwenye baridi.

Mama Momanyi alifumba macho. "Ni yeye," aliwaambia wanawake. "Kifua hicho nilikilea mimi."

Halafu akamuuliza kama amekula. Halafu akamgombeza kuhusu kuvaa sweta. Halafu, bila kuweka simu chini, akamgeukia shemeji yake.

"Ondieki, mfungue yule ng'ombe. Mwanangu hajafika, atachinjiwa nini."

Wazee wakasema kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima arudi aonekane, watu waliomlilia wamguse. Miaka yote Momanyi alikuwa akisema mwaka ujao. Safari hii alikubali. Alirudi Desemba ile ile, na ng'ombe yule ndiye tuliyemla.

Sasa funzo, wakuu, kutoka kwa mtu aliyelipata akiwa na diploma yake ukutani.

Chuoni nilifundishwa kwamba toleo jipya likija, la zamani linafutwa. Sikufundishwa kwamba mtu akishazoea kitu, anakisoma. Rangi ya pembeni anaisoma. Mwendo wa picha kutokea anausoma. Ukibadilisha hata kwa uzuri, umemwandikia jambo, na hujui umemwandikia nini mpaka umuulize. Mwambie kwanza, kabla hajaona.

Niliirudisha programu ya zamani kutoka kwenye disketi zake, nikaziweka zote mbili kwenye mashine moja. Wengine walikuja kuniuliza kwa nini fundi mkubwa kama mimi bado ana kitu cha polepole namna ile. Niliwajibu kwamba fundi ni mimi, si CD.

Kwenu sasa. Ni update gani iliwahi kubadilisha kitu ulichokizoea mpaka ikaleta balaa nyumbani au kazini? Na ninyi mnaotengeneza hizi programu, mpo humu nawajua: mnamuuliza nani kabla ya kubonyeza? Karibuni, nipo nasoma kila jibu.